Budd Schulberg: mwandishi aliyekuwa anauliza hela ya bondia imeenda wapi

Tarehe 14 Juni 1934 pale Long Island City, New York, bingwa wa dunia wa uzito wa juu Primo Carnera alidondoshwa chini mara 11 na Max Baer ndo refa akasimamisha pambano. Carnera alikuwa Mwitaliano wa kijiji cha Sequals, urefu karibu mita mbili, kilo zaidi ya 115, alishafanya kazi kwenye sarakasi huko Ufaransa kabla watu wa ndondi hawajamuona na kumpeleka Marekani, na kule nyuma yake walikuwepo watu wa magenge kama Owney Madden na Bill Duffy, wakawa wanamzungusha mji kwa mji anashinda tu na mapambano mengine kila mtu alikuwa anajua yameuzwa. Mwaka 1933 akachukua mkanda kwa Jack Sharkey, mwaka uliofuata Baer akamvua kwa kipigo kile, alafu baada ya hapo akabaki na mwili umechakaa na mfukoni hana kitu cha maana, manake hela ilishagawanywa na wenye hela.

Miaka 13 baadae, yaani 1947, mwandishi wa Kimarekani Budd Schulberg akatoa riwaya inaitwa The Harder They Fall. Ndani kuna jitu la Kiargentina, Toro Molina, alikuwa anabeba mapipa kijijini kwao, akachukuliwa na mtu wa sarakasi, akafika mikononi mwa bosi wa New York anaitwa Nick Latka, akapigwa promo kama mnyama wa ajabu wakati ngumi yake haiui hata mende. Yeyote aliyekuwa anafuatilia ndondi enzi hizo alijua huyo ni nani.

Mi nimekuwa nikimfikiria Schulberg kila nikisoma stori za michezo zinazoandikwa siku hizi, za bingwa aliyetoka familia maskini akapambana akafika juu, basi, stori imeisha. Schulberg hakuandika hivo. Swali lake halikuwa nani kashinda, lilikuwa nani kalipwa, na nani alikuwa anajua mchezo mzima akakaa kimya. Na kwenye hilo la kukaa kimya na kusema ndo maisha yake mwenyewe yalipokuja kumkwama vibaya, ntafika huko.

Kwanza jamaa hakutoka kwenye shida. Alizaliwa New York 1914, baba yake B.P. Schulberg alikuja kuwa mkuu wa uzalishaji wa filamu pale Paramount, mama yake Adeline alikuwa wakala wa waigizaji na waandishi, kwa hiyo Budd alikulia Hollywood ndani ya nyumba ambayo mastaa wanaingia na kutoka. Alikuwa na kigugumizi. Na baba yake, ambaye alikuwa mcheza kamari mkubwa tena wa kupoteza, alikuwa anampeleka kutazama ngumi tangu mdogo, na shujaa wa mtoto huyu alikuwa Benny Leonard, Myahudi wa New York, bingwa wa uzito mwepesi, kwa familia za Kiyahudi za wakati ule Leonard alikuwa ni zaidi ya bondia. Mtoto mwenye kigugumizi aliyekaa karibu na ulingo akisikia watu wazima wenye sigara wanazungumzia odds za kamari na mikataba kabla hajajua vizuri hesabu za darasani, hapo ndo naona alipopata sikio lake. Ukisoma mazungumzo kwenye vitabu vyake unasikia wale watu kabisa.

Alafu akaona kuanguka kwa karibu sana. Baba yake alipoteza kiti chake Paramount miaka ya mwanzo ya 1930, akazidi kushuka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940 mzee aliyewahi kuendesha studio nzima akalipia tangazo kwenye gazeti la Variety kuomba kazi. Hebu fikiria mwanae anasoma hilo tangazo. Na kabla ya hapo, 1939, Budd akiwa kijana alipewa kazi ya kuandika filamu moja pamoja na F. Scott Fitzgerald, mwandishi aliyekuwa anamuabudu, wakatumwa chuoni Dartmouth alikosoma Budd, Fitzgerald akalewa safari nzima, wote wawili wakafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata mwezi Desemba Fitzgerald akafariki. Hiyo stori akaja kuitumia kwenye riwaya ya The Disenchanted, 1950. Kwa hiyo huyu mtu walioanguka hakuwasoma kwenye gazeti, alikula nao meza moja.

Riwaya yake ya kwanza, What Makes Sammy Run? ya 1941, sio ya michezo, inamhusu kijana anayekanyaga kila mtu ili apande juu Hollywood, sitakaa hapo sana ila ieleweke tu kwamba iliwachukiza pande zote mbili kwa mpigo. Wakubwa wa studio walikasirika, inasimuliwa Louis B. Mayer alitaka kijana huyo afukuzwe nchini kabisa. Na chama cha kikomunisti cha Marekani, ambacho Schulberg alikuwa mwanachama, kilitaka kumuelekeza namna ya kuiandika, akagoma, akatoka. Kumbuka hilo la kutoka.

Sasa turudi kwenye ndondi. Kinachofanya The Harder They Fall iwe kubwa kwangu sio Toro. Toro tunamuonea huruma, sawa, ila stori haisimuliwi na Toro wala na bosi Latka. Inasimuliwa na Eddie Lewis, mtu wa habari, mwandishi ambaye kazi yake ni kupika maneno ya kuuza mapambano feki. Eddie ana akili, amesoma, anajua kila kitu, ana mpango wa kuandika tamthilia yake siku moja, kila siku anajiambia hii ni kazi ya muda tu. Yeye hapigi mtu, hatoi rushwa, yeye anaandika tu. Schulberg anamshika huyo huyo shingoni na hamuachii kitabu kizima. Anatuambia bila maneno yake Eddie, Toro asingeuzika, na bila Toro kuuzika asingekufa mtu. Manake ndani ya riwaya kuna bondia anayekufa baada ya kupigana na Toro wakati kipigo chenyewe alishakipata kwa mtu mwingine kabla, na hilo nalo limetoka kwenye maisha, Ernie Schaaf alifariki Februari 1933 baada ya pambano na Carnera, na miezi michache nyuma alikuwa ameshapigwa vibaya na Baer. Watu wa promo wakakitumia kifo kile kumuuza Carnera kama muuaji. Ukifika kwenye sehemu hiyo ya kitabu unataka kukifunga.

Alafu angalia tarehe. Kitabu kimetoka 1947. Novemba ya mwaka huo huo, Madison Square Garden, Jake LaMotta akauza pambano lake na Billy Fox, akasimama anapigwa bila kujibu, na mwaka 1960 ndo akakiri mbele ya kamati ya Seneti kwamba aliachia ili wenye mchezo wamruhusu kugombea mkanda, mkanda wenyewe akaupata 1949. Yaani bondia bora namna ile, ili apewe haki yake ya kupigania ubingwa, ilibidi kwanza akubali kupigwa. Hakuna promota aliyehitaji kusoma riwaya ya Schulberg, wao walikuwa wanaiishi. Wale watu wa magenge kina Frankie Carbo na Blinky Palermo waliendelea kuishika ndondi ya Marekani mpaka walipopatikana na hatia mwaka 1961, na katikati hapo Schulberg alikuwa anaandika ndondi kwenye Sports Illustrated, lililoanza 1954, na mwaka ule ule wa kwanza alishaanza kupiga kelele humo humo kwamba biashara hii chafu isafishwe. Alikuwa pia na hisa kwenye bondia wa uzito wa juu, Archie McBride, kwa hiyo mahesabu ya gym, kocha, meneja na asilimia alikuwa anayajua kwa mfuko wake.

Filamu ya kitabu hicho ilitoka 1956 na ndo ilikuwa ya mwisho kwa Humphrey Bogart. Skripti aliandika mtu mwingine, Philip Yordan, na tofauti inaonekana. Kwenye filamu Toro anaambiwa hela yake baada ya makato yote ni dola 49 na senti 7, sini kali sana hiyo, lakini Eddie anampa hela zake mwenyewe, dola 26,000, anampandisha ndege, anarudi nyumbani kukaa kwenye mashine ya kuchapa kuandika ndondi ifutwe. Kwenye kitabu hakuna ndege. Eddie wa kitabu anabaki na aibu yake na anajua wazi kuwa muda wa kufanya kitu alikuwa nao akaupitisha. Hollywood ilitaka mwandishi awe shujaa mwishoni, Schulberg hakumpa. Carnera mwenyewe aliishtaki kampuni ya filamu, akashindwa kesi. Na hapa nampa Carnera haki yake, alikuja kuwa mwanamieleka akatengeneza hela ya kueleweka, hakumalizika kama Toro, na kuona maisha yako yamewekwa kwenye skrini na Max Baer yule yule aliyekuangusha mara 11 amepewa nafasi ya kuigiza humo, inauma.

Katikati ya kitabu na filamu ndo lilitokea lile la 1951. Kamati ya Bunge iliyokuwa inasaka wakomunisti ilikuwa inaita watu wa Hollywood mmoja mmoja, mwandishi Richard Collins akamtaja Schulberg, Schulberg mwenyewe akaipigia kamati telegramu, na tarehe 23 Mei 1951 akaenda kutoa ushahidi, akataja majina ya wenzake wa zamani. Watu waliotajwa kwenye vikao vile walikuwa wanapoteza kazi, ndoa, wengine walihama nchi.

Sababu zake alizisema mpaka uzeeni. Mwaka 1934 alienda Moscow kwenye mkutano wa waandishi wa Kisovieti, aliwaona kina Isaac Babel, mwandishi, na Meyerhold, muongozaji wa tamthilia, na mwaka 1940 wote wawili walipigwa risasi na serikali ya Stalin, na wenzake wa chama Hollywood hawakutaka hata kulizungumza. Hasira hiyo naielewa na naiheshimu, alikuwa sahihi kuhusu Stalin wakati wengi walikuwa wanafumba macho. Lakini kusema Babel kauliwa hakuhitaji kutaja jina la mtu unayefanya naye kazi Los Angeles. Angeweza kuandika kitabu kizima juu ya Babel, angeweza kusimama mbele ya kamati akasimulia Moscow kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ring Lardner Jr., mtoto wa yule Ring Lardner aliyekuwa baba wa stori za besiboli, aliitwa na kamati hiyo hiyo kabla yake, akakataa kujibu, akafungwa jela na kukaa miaka hana jina kwenye filamu anazoandika. Njia nyingine ilikuwepo na ilikuwa na bei, watu waliilipa. Mi Schulberg nampenda sana kama mwandishi na kwenye hili siwezi kumtetea.

Miaka mitatu baadae ikaja filamu ya On the Waterfront, skripti ya Schulberg. Muongozaji Elia Kazan, naye aliyetaja majina 1952. Terry Malloy, bondia wa zamani aliyeuza pambano kwa amri ya genge la bandarini, mwishoni anaenda kutoa ushahidi dhidi ya genge hilo. Unaona mwenyewe kwanini watu walisema hii filamu ni kujitetea tu, msaliti amegeuzwa shujaa. Schulberg alikuwa anakataa, na kuna sehemu ana haki, manake alianzia kwenye makala za Malcolm Johnson wa gazeti la New York Sun kuhusu uhalifu bandarini, zilizopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1949, akaenda akakaa na makuli wenyewe, akamfuata padri John Corridan aliyekuwa anawasimamia, akaona kila asubuhi makuli wamesimama mbele ya nyapara anachagua nani apate kibarua leo na nani arudi nyumbani, na ili uchaguliwe lazima umpe kitu. Hayo hayakutungwa kwa ajili ya kamati yoyote. Kutoa ushahidi dhidi ya genge linaloua watu ni ujasiri. Dhidi ya waandishi wa skripti waliokuwa wanakutana sebuleni kusoma Marx, hapana, na kuyaweka haya mawili kwenye kapu moja ndo kosa la wanaoitetea filamu kwa nguvu na hata la wanaoikataa yote.

Ila mi naona wote wanabishania sini isiyokuwa yenyewe. Moyo wa filamu ile haupo mahakamani, upo kwenye teksi. Terry na kaka yake Charley, Marlon Brando na Rod Steiger, gari dogo, madirisha yamezibwa kwa mapazia manake uzalishaji haukuandaa picha ya nyuma ya barabara inayotembea, na Terry anamwambia kaka yake kwamba ulikuwa wewe, sio meneja. Usiku ule Madison Square Garden ungenilinda kidogo, badala yake ukaja chumbani ukaniambia leo sio usiku wako. Mwingine akapata nafasi ya kugombea mkanda, mi nikapata tiketi ya kwenda kuishia pabaya. Hajutii kukosa ubingwa, anajutia kukosa hata kuwa miongoni mwa wanaougombea. Inasimuliwa neno hilo lilitoka kwa bondia Roger Donoghue, rafiki yake Schulberg, ambaye mpinzani wake George Flores alifariki baada ya pambano lao la 1951 na Donoghue akaja kuachana na ngumi, ndo huyo aliyemfundisha Brando kutembea kama bondia. Aliulizwa kama angeweza kuwa bingwa akajibu angeweza kuwa mgombea. Na wale mabaunsa wa genge ndani ya filamu, Tony Galento, Tami Mauriello na Abe Simon, wote watatu walishapigana na Joe Louis kweli. Schulberg alijaza filamu na watu wanaojua kupigwa kukoje.

Filamu ilichukua Oscar 8, moja ya Schulberg kwa stori na skripti, baada ya bosi wa studio Darryl Zanuck kuwa ameshaikataa. Sawa. Kwangu la kukumbukwa ni kwamba kosa la Charley ni lile lile la Eddie Lewis. Charley ni msomi wa familia, ana koti zuri, anajua mahesabu, hajawahi kurusha ngumi, na ndo aliyemuuza mdogo wake. Schulberg aliandika Eddie miaka minne kabla ya kwenda mbele ya kamati na akaandika Charley miaka mitatu baada. Mara zote mbili mwenye hatia ni yule mwenye maneno. Siamini ni bahati mbaya, naamini huyu mtu alikuwa anajijua kuliko alivyokuwa anasema kwenye mahojiano.

Baada ya ghasia za Watts, Los Angeles, Agosti 1965, alienda kule akafungua darasa la uandishi kwa vijana weusi, mwanzoni karibu hakuna aliyekuja, baadae likajaa, likatoa kitabu From the Ashes mwaka 1967. Jengo lao likaja kuchomwa moto 1973, na mtu aliyekuwa mtoa taarifa wa FBI ndani ya kundi lile akaja kusema ni yeye aliyechoma. Schulberg aliyewahi kuipa serikali majina akaja kuchomewa kazi yake nzuri kuliko zote na mtu wa serikali aliyekuwa anapeleka majina. Na darasa hilo halikufa moja kwa moja, New York kilishaanzishwa kituo cha namna hiyo chenye jina la Frederick Douglass.

Kwa sisi huku jina lake linakutana na Kinshasa. Alikuwa rafiki wa Muhammad Ali kwa miaka, na Ali alipopigwa na Joe Frazier Machi 1971, wakati wengi wanasema kaisha, Schulberg akaandika kitabu kizima kuhusu Ali aliyeshindwa, Loser and Still Champion, kikatoka 1972. Oktoba 1974 akawepo Zaire kama mwandishi, pambano lilisogezwa kutoka Septemba sababu mpinzani wa Ali, George Foreman, alichanika juu ya jicho mazoezini, na tarehe 30 saa kumi alfajiri uwanja wa 20 Mai ukawa unaimba Ali boma ye mpaka raundi ya nane. Tunaisimulia hiyo usiku na mchana na ni haki yetu. Lakini swali la Schulberg linafaa kuulizwa pale pia, dola milioni 5 kwa kila bondia, jumla 10, zilitoka wapi? Zilitoka kwenye nchi ya Mobutu, kwa watu waliokuwa wanaimba. Ukilijua hilo Ali hapungui hata kidogo, ila Mobutu unamuona vizuri zaidi.

Aliandika ndondi mpaka uzee mkubwa, akaingizwa kwenye jumba la heshima la ndondi la kimataifa pale Canastota, jambo ambalo waandishi wa riwaya hawapewi hivihivi, na miaka ya mwisho alikuwa anahangaika na Spike Lee kwenye skripti ya Joe Louis na Max Schmeling. Alifariki Agosti 2009 ana miaka 95, filamu ikiwa haijatengenezwa.

Kama hujawahi kumsoma usianze na On the Waterfront, hiyo utaiona tu siku moja. Tafuta The Harder They Fall, kitabu sio filamu, na ukiwa unasoma usimfuate Toro, mfuate Eddie, hasa pale anapojiambia kwamba yeye anaandika tu.